Imani ya Kila Siku Nyumbani Mwetu

Someni: 5 Mose 6:4-9 na 2 Timoteo 1:3-5



Katika nchi yetu ya Kilimanjaro kila mkulima aijua kazi ya mfereji. Maji hutoka juu msituni, wala hakuna mtu awezaye kujisifu kwamba ameyaumba yeye. Walakini mfereji hauna budi kuangaliwa. Majani huanguka ndani yake, udongo huporomoka, mizizi huziba njia. Mwenye zamu asipoamka mapema kwenda kuuzibua, maji hupotea njiani, na migomba yake hunyauka, ingawa chemchemi haikupungua hata kidogo. Nasi tukipita na kuiona migomba ile hatusemi, Chemchemi imekufa. Twasema, Mwenye shamba hakwenda mferejini.

Ndivyo ilivyo na imani katika nyumba zetu. Imani ni kipawa cha Mungu. Roho Mtakatifu huileta kwa Neno na kwa Ubatizo, wala baba na mama hawawezi kuitia moyoni mwa mtoto kama mtu atiavyo uji katika kikombe. Lakini kazi ya mfereji tumepewa sisi. Basi mwezi huu twataka kujifunza pamoja jinsi mzazi Mkristo aitunzavyo imani yake mwenyewe siku kwa siku, na jinsi awaongozavyo watoto wake.

1. Mzazi ni mwanafunzi kwanza

Litazameni vema agizo la Mose, na hasa utaratibu wake. Mose hakuanza na watoto. Kwanza asema kwamba maneno ya Mungu yakae moyoni mwa mzazi mwenyewe. Baadaye ndipo ayafundishe kwa wanawe. Tena ataja saa za kufundisha: uketipo nyumbani, uendapo njiani, ulalapo na uondokapo. Hakutaja shule wala hema ya kukutania. Alitaja mahali ambapo watoto humwona baba yao jinsi alivyo, hana kanzu ya ibada wala sauti ya mimbari.

Dr. Martin Luther aliujua upungufu huu. Mwaka 1528 alipozikagua sharika za Saksonia katika Ujerumani, aliwakuta watu waliobatizwa na kula Chakula cha Bwana, nao hawazijui Amri Kumi, wala Imani, wala Baba Yetu. Hata wachungaji wengine hawakuweza kufundisha. Alirudi na huzuni kubwa, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Sehemu zake zilipigwa chapa kwanza juu ya karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, kisha zikawa kitabu. Tena juu ya kila sehemu kuu yako maneno ambayo wengi wetu huyapita bila kuyasoma. Yaeleza kwamba mafundisho haya ni ya mwenye nyumba, awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Kumbe kitabu kile ambacho sisi hukiweka mkononi mwa mwalimu wa kipaimara, tangu mwanzo kilikusudiwa kiwekwe mkononi mwa baba na mama!

Naye Luther hakujihesabu kuwa amekwisha kufuzu. Katika dibaji ya Katekisimo Kubwa aliungama kwamba yeye, ingawa ni daktari na mhubiri, kila asubuhi huyasema maneno ya Katekisimo neno kwa neno kama mtoto, na kwamba yampasa kubaki mwanafunzi wake siku zote. Ikiwa aliyekiandika alijifanya mtoto mbele ya kitabu hiki, sisi je?

2. Kosa letu wenyewe

Hapa hatuna budi kusema jambo la kutuaibisha, maana si haki kuwakumbusha wenzetu deni ambalo sisi wenyewe hatujalipa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika mkutano wa wachungaji, mbali na nyumbani. Mama yetu mzazi alikuwa mgonjwa kitandani. Jioni moja alimwita mwana wetu wa kwanza, aliyekuwa karibu kupata kipaimara, akamwambia, "Mjukuu wangu, niombee kabla sijalala." Kijana akasimama wima, akasema Sehemu ya Pili ya Imani pamoja na maelezo yake yote, asikose hata neno moja. Bibi akashukuru, akasema, "Umesema vizuri. Sasa niombee mimi." Kijana akanyamaza. Mwisho akasema, "Bibi, sijui. Baba huomba kanisani."

Tuliporudi, mama hakutukaripia. Alitusimulia habari yote, kisha akauliza, "Mwanangu, watoto wa watu umewafundisha wengi. Wa kwako atafundishwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeomba katika kila boma la usharika, kwa wagonjwa, kwa wafiwa, kwenye arusi na kwenye misingi ya nyumba. Lakini nyumbani mwetu tulifika tumechoka, tukala, tukalala. Hata kuomba kwetu wenyewe kulikuwa kumekoma pole pole, hata tukawa tunalifungua Neno la Mungu kwa kutafuta hotuba ya Jumapili tu. Mfereji ulikuwa umezibwa, wala hatukujua, kwa sababu majani huanguka moja moja.

Usiku ule tulimwita mwana wetu, tukamwambia wazi kwamba kosa si lake, ni la baba yake, tukamwomba msamaha. Aliona haya, nasi tuliona haya zaidi. Kisha tukaenda wote kando ya kitanda cha bibi. Tulisoma mistari michache, tukaomba kwa maneno machache. Hayakuwa maombi mazuri. Mdogo wao alilala kabla ya Amina. Lakini kesho yake tuliomba tena, na kesho kutwa tena. Bibi aliishi miezi miwili tu baada ya hapo. Katika juma la mwisho kijana alimwombea mwenyewe, akikwama-kwama na kutafuta maneno, na bibi akaitikia Amina. Kila tukumbukapo Amina ile twamshukuru Mungu, tena twahuzunika kwa ajili ya jioni nyingi tulizozipoteza.

3. Jinsi ya kuanza

Labda msomaji auliza, Basi tufanye nini? Hatuwapi sheria mpya. Twataja mambo machache ambayo nyumba yo yote yaweza kuyafanya, hata ile yenye kazi nyingi.

Asubuhi. Luther aliwawekea watu wa nyumbani utaratibu mfupi: mtu aondokapo kitandani ajikabidhi kwa Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, aseme Imani na Baba Yetu, aongeze sala ndogo, kisha aende kazini mwake kwa furaha. Kazi hii haifiki hata muda wa kuchemsha maji ya chai. Mama aendaye kukata majani ya ng'ombe aweza kuifanya, na baba aendaye kwenye kahawa yake pia. Mzazi aifanye kwanza peke yake. Asiyemwomba Mungu akiwa peke yake, akiomba mbele ya watoto husema maneno ya kuazima.

Mezani. Watoto washukuru kwa zamu. Mdogo aanze na sentensi moja. Msimcheke akikosea, wala msimsahihishe kabla ya kula.

Jioni. Chagueni saa moja, nayo isibadilike. Someni mistari michache, si sura nzima. Ulizeni swali moja tu, kama vile: Mungu amefanya nini katika habari hii? Watoto wakiuliza jambo msilolijua, semeni, Hatujui, tutamwuliza mchungaji. Neno hili halimwondolei baba heshima yake. Lamfundisha mtoto kwamba baba naye yumo shuleni mwa Bwana. Kisha ombeni kwa kutaja majina: jirani aliyefiwa, mwalimu wa shule, hata mtu tuliyegombana naye juu ya mpaka. Mtoto asikiapo baba yake akimwombea mtu yule, amefundishwa Amri ya Tano na maelezo yake.

Kuungama. Hili ndilo gumu kuliko yote. Twawaambia watoto kwamba Mungu husamehe dhambi, lakini wengi wao hawajasikia hata mara moja baba akisema, Nimekosa, nisamehe. Basi watajuaje kwamba msamaha ni kitu cha kweli? Mzazi aliyempiga mtoto kwa hasira, au aliyemsemea mama yao maneno mabaya mbele yao, asiogope kunyenyekea. Kiti chake hakitaanguka.

Wako pia wazazi walio mbali na nyumba zao, mjini au mashambani, kwa ajili ya mshahara. Nanyi msiseme kwamba kazi hii hamuiwezi. Mwaka 1530 Luther alikaa miezi mingi katika ngome ya Koburg, mbali na watu wa nyumbani mwake. Mwanawe Hans alikuwa mwenye miaka minne tu. Luther, aliyekuwa na mambo mazito ya Kanisa lote juu ya kichwa chake, alimwandikia mtoto huyo barua ya kumweleza habari za bustani nzuri ya watoto wapendao kusali na kujifunza. Alijishusha mpaka kimo cha mtoto. Basi nanyi mpelekapo fedha za karo, pelekeni pamoja nazo neno la imani, tena maneno ambayo mtoto atayafahamu.

Na wewe mama, au wewe bibi, unayeomba peke yako kwa sababu mwenye nyumba hataki, usikate tamaa. Baba yake Timoteo alikuwa Mgriki, wala hatusomi kwamba aliamini. Imani aliyoikumbuka Paulo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake wawili walimlea mtumishi wa Kanisa. Nasi katika nchi hii tusisahau: wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na Wajerumani wengi walipoondoshwa nchini mwaka 1920, kazi kubwa ilibaki mikononi mwa waalimu, wazee na akina mama wa kwetu. Neno halikuondoka pamoja na wageni, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kukaa nyumbani.

4. Imani ya jana hailishi leo

Mwaka 1535 Luther alimwandikia rafiki yake Petro, kinyozi wa Wittenberg, kitabu kidogo juu ya kuomba. Alimwonya ajihadhari na mawazo yasemayo, Ngoja kidogo, nitaomba baada ya saa moja, kwanza nimalize hili na lile. Tena alimkumbusha kazi yake: kinyozi hana budi kuuangalia wembe wake, asije akamkata mtu pua au koo. Na mwombaji vivyo hivyo auangalie moyo wake.

Mafundisho mazuri kama haya watu wachache wamepata kuandikiwa. Hata hivyo mwaka ule ule Petro alimwua mkwewe kwa kisu mezani, akafukuzwa mjini. Twaisimulia habari hii kwa kuogopa, si kwa kumhukumu. Mtu aweza kuwa na kitabu bora, mwalimu bora na rafiki bora, na katika saa moja ya hasira akaanguka. Kwa hiyo kila siku twahitaji kuizamisha dhambi na kurudi kwenye Ubatizo wetu. Jina zuri la familia halitatuokoa, wala desturi nzuri ya jioni. Anayetuokoa ni Kristo, naye ndiye chemchemi. Sisi twaenda mferejini kwa sababu maji yapo.

Basi mzazi ambaye mwanawe amekwisha kupotea asisome somo hili kama hukumu yake. Fanya lililobaki. Mwombee kwa jina lake kila jioni, na mlango wako usiwe na kufuli kwake. Na mzazi ambaye watoto wake wangali wadogo asingoje. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na jioni ya leo haitarudi.

Maswali ya kufikiri nyumbani

1. Watoto wetu wamewahi kutusikia tukiomba mahali pengine kuliko kanisani?
2. Ni majani gani yaliyouziba mfereji wetu mwaka huu: uchovu, ugomvi, pombe, au kutafuta fedha?
3. Yuko mtu wa nyumbani mwetu ambaye yatupasa kumwomba msamaha kabla ya kulala?
4. Saa gani ya jioni yaweza kuwa saa yetu?

Tuombe

Ee Bwana Mungu, Baba wa nyumba zote, twaungama kwamba tumewalisha wanetu chakula cha mwili, na mara nyingi tumewaacha na njaa ya Neno lako. Utusamehe kwa ajili ya Yesu Kristo. Utufanye tena wanafunzi, sisi tulio wazee pamoja na wadogo wetu. Wakumbuke watoto walio mbali na wazazi walio peke yao. Yaache maji yako yapite katika nyumba zetu leo, na kesho utuamshe tena. Amina.