Kutoa Mimba kwa Siri: Jibu la Swali Lililotiwa Kisandukuni

Nyuma ya darasa letu la elimu ya viumbe pana kisanduku cha mbao. Mwanafunzi aonaye haya kuuliza mbele ya wenzake hutia swali lake humo, bila ya kuandika jina. Muhula wa kwanza nilikuta humo kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa hivi: "Mwalimu, ni kweli kwamba vidonge vya vidonda vya tumbo vyaweza kutoa mimba? Na mtu akizidiwa akaenda hospitali, atafungwa?" Nilikisoma, nikakitia mfukoni, nikajiambia kwamba swali hili si la darasani. Muhula wa pili msichana mmoja wa shule yetu alichukuliwa kutoka darasani ana homa kali na damu inamtoka, akalazwa siku kumi na moja. Alipona. Kama karatasi ile ilikuwa yake au ya mwingine sikutafuta kujua, wala sikulinganisha hati. Lakini tangu siku ile nimekiri ya kuwa swali lilikuwa la darasani tangu mwanzo, na leo nalijibu katika gazeti letu, ili walisome waliopo na wale waliokwisha ondoka shuleni, maana wengi wao sasa ni baba za wasichana.

Mambo ya dini sitayaeleza. Hapa Asiatique misikiti ipo, makanisa hayako mbali, na kila mtu ana wa kumwuliza. Mimi nitasema habari za mwili na habari za sheria.

Kwanza tupambanue maneno. Mimba yaweza kutoka yenyewe, bila mtu kuigusa. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko watu wadhanivyo, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na mwanamke hana kosa lo lote. Kutoa mimba ni kuiondoa kwa kusudi. Lakini yafaa mjue jambo moja tangu sasa, kwa kuwa litatusaidia mwishoni: mimba ikiwa changa, iliyotoka yenyewe na ile iliyotolewa kwa vidonge vilivyomezwa huonekana sawasawa mbele ya daktari, na dawa zake ni zile zile.

Sasa tuutazame mji wa mimba. Ni mfuko wa nyama nene, na kondo limejishika ndani yake kwa mishipa mingi ya damu. Mimba inapotoka, mishipa ile hubaki wazi kama mabomba yaliyokatwa. Hapana kitu cha kuiziba isipokuwa nyama yenyewe ya mfuko, ambayo hujikunja ikakaza na kuibana mishipa yote kwa pamoja. Ndiyo sababu ya yale maumivu ya kukata. Lakini kama kipande cha kondo kimebaki ndani, mfuko hauwezi kujikunja barabara, ni kama ngumi isiyofungika kwa sababu imeshika jiwe, na damu huendelea kutoka. Mwili wa mwanamke mzima una damu kiasi cha lita 4 au 5. Akipoteza lita 2 kwa haraka yuko karibu na mauti, hata kama anasema bado hajambo. Tena kile kipande kilichobaki huoza, na vijidudu hustawi juu yake, kisha vikaingia katika damu. Hapo ndipo homa huanza, mara nyingi siku mbili tatu baadaye, wakati watu wa nyumbani wamekwisha furahi wakidhani hatari imepita.

Mlango wa mji huo kwa kawaida umefungwa, na ute mzito hukaa pale kama kizibo kuzuia uchafu. Mtu atiaye kijiti, waya au mzizi avunja kizibo hicho na kupeleka vijidudu mahali ambapo havikupata kufika, pamoja na vile vya pepopunda. Mara nyingine kijiti hutoboa mfuko wenyewe, na nyuma yake yako matumbo. Wengi wa wale waliokufa kwa njia hii hawakufa kwa kukosa bahati. Walikufa kwa sababu chombo kilifanya kile ambacho chombo kama hicho lazima kifanye.

Watu wetu wana njia nyingi za kunywa. Nimesikia habari za chai ya rangi iliyokolezwa hata ikawa chungu, sabuni ya unga, maji ya javeli, majani yaliyochemshwa, na vidonge vya malaria vikimezwa kwa konzi. Chai haina ila uchungu wake. Javeli huunguza koo na tumbo la chakula, wala haifiki kwenye mji wa mimba hata kidogo. Majani mengine huharibu ini na figo. Ama klorokwini na kwinini, hizi ndizo zinazonitia hofu kuliko zote, kwa kuwa watu huziona ni dawa walizozizoea tangu utoto. Kipimo kiwezacho kuisumbua mimba kiko karibu sana na kipimo kisimamishacho moyo, na kwinini nyingi huweza kumwacha mtu kiziwi au kipofu. Msichana hufa na mimba yake ikiwa mahali pale pale.

Tufike kwenye vidonge vilivyoulizwa. Jina lake ni misoprostoli. Vilitengenezwa kweli kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na kwenye kisanduku paliandikwa onyo kwamba mwenye mimba asivitumie. Katika miaka ya 1980 wanawake wa Brazili, nchi ambayo sheria yake ni kali, walilisoma onyo lile kwa namna yao. Baada ya muda madaktari wa huko wakaona jambo geni: wanawake wenye kutokwa na damu walikuwa bado wanafika hospitali, lakini wale wenye mifuko iliyotobolewa na damu iliyoingia sumu walipungua. Serikali ya Brazili ikazuia uuzaji wake mwaka 1991. Huko Ufaransa dawa ya pili, mifepristoni, ilikuwa imekubaliwa mwaka 1988. Mwaka 2005 Shirika la Afya la Ulimwengu liliziandika zote mbili katika orodha ya dawa za lazima, na baadaye misoprostoli ikaandikwa tena kwa kazi nyingine, yaani kuzuia damu ya mwanamke aliyejifungua. Kazi ni ile ile: huukaza mji wa mimba.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ya swali ni ndiyo. Sitawaficha, kwa kuwa mwalimu akisema uongo mmoja hataaminiwa katika kweli kumi. Mwaka 2022 Shirika hilo lilisema kwamba katika majuma 12 ya kwanza mwanamke aweza kuzitumia dawa hizi mwenyewe, lakini lilitaja masharti: awe na maelezo sahihi, dawa iwe nzuri, na mganga aliyefundishwa awe karibu akihitajiwa. Tazama basi hali yetu. Kidonge kinauzwa kwa kificho, kimetolewa katika karatasi yake, kimekaa katika joto na unyevu wa huku ziwani, na misoprostoli huharibika upesi kwa unyevu. Mwuzaji hajui mimba ina majuma mangapi, na baada ya 12 hatari ya damu huongezeka. Hajui kama msichana ana mimba iliyotunga nje ya mji, ndani ya mrija, ambayo vidonge hivi haviiondoi, na ambayo hupasuka ikamwaga damu ndani ya tumbo pasipo tone kuonekana nje. Na mganga aliye karibu anaogopwa kuliko ugonjwa. Sharti hata moja halikutimia.

Shirika lile lilikadiria kwamba kati ya mwaka 2010 na 2014 mimba kama milioni 25 kila mwaka zilitolewa kwa njia za hatari duniani, na karibu zote, 97 katika kila 100, katika nchi za Afrika, Asia na Marekani ya Kilatini. Wanawake wa Ulaya nao hutoa mimba. Tofauti ni mahali na mkono.

Sasa sheria. Kanuni ya adhabu ya Burundi ilitengenezwa upya mwaka 2009, kisha mwaka 2017, lakini mti wake ulipandwa na Wabelgiji, ambao kanuni yao ya mwaka 1867 ilihesabu kutoa mimba kuwa kosa juu ya utaratibu wa jamaa na adabu. Wao wenyewe waliibadili yao mwaka 1990. Mfalme Baudouin, yule yule aliyetawala Ruanda-Urundi mpaka mwaka 1962, alikataa kuitia sahihi kwa sababu ya dhamiri yake, mawaziri wakatangaza kwamba hawezi kutawala, wakaitia sahihi wao, kisha akarudishwa kitini baada ya siku chache. Nawasimulia wanafunzi habari hii kila mwaka, maana huonyesha jinsi jambo hili linavyowagawanya hata watu wa nyumba moja ya serikali.

Kwetu kosa limebaki kosa. Mwanamke ajitoaye mimba kwa hiari yake aweza kufungwa mwaka mmoja hadi miwili pamoja na faini, na amsaidiaye pia ana adhabu. Aliyemtoa mwanamke mimba bila ya ridhaa yake huadhibiwa zaidi, na vijana wanaomtilia mpenzi dawa katika soda walikumbuke hilo. Njia moja tu imeachwa wazi: mama akiwa katika hatari ya kufa, au afya yake ikitishwa na madhara makubwa ya kudumu yasiyoepukika kwa namna nyingine, daktari aweza kuiondoa mimba kwa kukubaliana na daktari wa pili, na mama mwenyewe akiridhia kwa maandishi. Aliyenajisiwa hakutajwa. Msichana aliyeshikwa kwa nguvu njiani hana mlango katika sheria hii, na mimi naona ni pengo kubwa.

Vuka mpaka wa Gatumba, uende Uvira, safari isiyofika nusu ya siku, na maneno yanabadilika. Mkataba wa nchi za Afrika juu ya haki za wanawake, uliopatanwa Maputo tarehe 11 Julai 2003, wataja kunajisiwa, uzinzi wa ndugu kwa ndugu, na hatari ya mwili au akili ya mama. Burundi iliutia sahihi mwaka ule ule wa 2003, lakini kutia sahihi siko kuuthibitisha. Kongo iliutangaza katika gazeti lake la serikali mwaka 2018, na mahakama zake zikaagizwa kuufuata. Rwanda iliandika sababu kama hizo katika sheria yake ya mwaka 2018, na kuongeza mimba ya mtoto na ya ndoa ya kulazimishwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakubali pale ambapo mganga aliyefundishwa aona uhai au afya ya mama imo hatarini. Tanzania Bara bado ina maneno yaliyotoka kwa Waingereza: miaka 14 kwa atoaye, na 7 kwa mwanamke mwenyewe.

Shule nazo zilipata kuwa sehemu ya hofu. Juni 2018 Wizara ya Elimu yetu iliandika kwamba wasichana wenye mimba, na wavulana waliowapa, wasirudi katika masomo ya kawaida. Mwezi uliofuata amri ikaondolewa. Tanzania iliwakataza wasichana hao mpaka Novemba 2021. Mtoto anayejua kwamba tumbo likionekana amekwisha masomo, atakunywa cho chote.

Basi, je, atafungwa akienda hospitali? Hofu hiyo si ya bure, maana wako wanawake waliofungwa nchini mwetu. Lakini sheria hiyo hiyo inamwadhibu mtu aachaye kumsaidia aliye katika hatari ya kufa, na inamwadhibu daktari au mwuguzi atoaye siri ya mgonjwa. Kazi yao ya kwanza ni kuzuia damu, kuusafisha mji kwa bomba la kuvutia la mkono au kwa dawa, kutia damu na kuua vijidudu. Kile kidonge kiuzwacho gizani kimo pia katika kabati yao. Mgonjwa si lazima asimulie kisa chake chote. Aseme damu ilianza lini, na kama ana homa. Lakini kama alikunywa klorokwini, javeli au majani, au kama kitu kilitiwa ndani, hilo lazima aliseme, kwa kuwa matibabu yake ni mengine na hayangoji.

Dalili za kutongoja hata asubuhi ni hizi: vitambaa viwili vikubwa kulowa kabisa kwa saa moja, na saa ya pili vivyo hivyo, homa isiyoshuka siku nzima, maji yenye harufu mbaya, tumbo gumu lisilogusika, kuzimia, au maumivu makali upande mmoja hata kama damu haitoki. Aliyenajisiwa asingoje dalili yo yote. Aende kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa ya kukinga Ukimwi na vidonge vya dharura, ambavyo huchelewesha yai kutoka wala havitoi mimba iliyokwisha kutunga. Hapa Bujumbura kituo cha Seruka, kilichoanzishwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2003, ndicho kinachojulikana kwa kazi hiyo.

Wavulana mtauliza haya yawahusu nini. Siku ile ya muhula wa pili teksi ililipwa na mwuguzi wa shule kutoka mfukoni mwake. Aliyehusika alikuwa darasani, nadhani, akinakili ubaoni kama wengine.

Kisanduku kipo bado mahali pake. Nakifungua kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, na karatasi zote husomwa siku hiyo hiyo.