Amani ya Nyumba Yenye Mali

Someni kwanza Luka 12:13–15.

Mtu apitaye Marangu mwezi wa Desemba huona nyumba nzuri kati ya migomba na kahawa. Watoto wamerudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, nao huenda kanisani pamoja na wazazi wao. Husema, "Nyumba hii imebarikiwa." Lakini ndugu, yako mambo yasiyoonekana toka njiani.

1. Chanzo chake. Kwa desturi ya Wachaga mwana wa kwanza na kitinda mimba ndio waliopendelewa katika urithi wa vihamba. Wana wa katikati walitafuta mahali pengine, na binti hakuhesabiwa. Ardhi ilipokuwa tele, desturi hii haikuumiza sana. Kahawa ikaleta mali, hata wakulima wakawa na chama chao cha KNCU mwaka 1933. Tena watu wakaongezeka, mlima usiongezeke.

2. Ugonjwa wenyewe. Baba huogopa kunena habari za urithi, asije akaonekana anakiita kifo. Mwana wa katikati hutuma fedha za bati na saruji, asijue kama anajenga kwake au kwa mwenziwe. Mdogo aliyebaki na wazee huona jasho lake halitajwi. Binti amwuguzaye mama hunyamaza kwa heshima. Wote hucheka mezani. Lakini baba akiisha kuzikwa, maneno yote hutoka siku moja.

3. Dawa yake. Yule mtu wa Injili alitaka Bwana amwamuru ndugu yake. Bwana akakataa kuwa mgawanyaji, akaonya juu ya choyo. Basi walimu nasi wachungaji tusigawe vihamba vya watu. Kazi yetu ni kuwakalisha pamoja. Wazazi na wanene wangali hai, mbele ya watoto wote, na maneno yaandikwe mbele ya mashahidi. Binti asisahauliwe, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume.

Wazee wetu walipanda isale mpakani mwa kihamba. Na jani la isale ndilo alilochukua mkosaji kumwomba ndugu yake msamaha. Mpaka ulio wazi na upatanisho vilitoka katika mmea mmoja.

Maswali ya kuulizana:
Kwa nini Bwana alikataa kugawa urithi ule?
Nyumbani mwako, ni nani ambaye jina lake halijatajwa bado?