Matairi Mapana kwenye Ringi za Haisi: Soma Namba Kwanza

Haisi yenye matairi mapana inapendeza, hilo halina ubishi. Ndiyo maana wenye daladala, matatu na magari ya shule wengi wanamwambia fundi: niwekee pana, ila ringi zibaki hizi hizi. Kazi hiyo inawezekana, lakini ndani ya mipaka ambayo fundi hana mamlaka ya kuisogeza, kwa kuwa imewekwa na upana wa ringi na uzito ambao tairi limetengenezwa kuubeba. Gari linalobeba watoto wa watu halistahili kuvishwa matairi kwa kukadiria kwa macho.

Tuanze na ringi. Toyota Hiace ya kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2004, ambayo ndiyo imejaa kwenye vituo vyetu, kwa kawaida hutumia tairi la 195R15C, au 195/80R15 kwa matoleo ya Japani. Ringi zake nyingi za chuma zimegongwa alama 15×6J, maana yake kipenyo cha inchi 15 na upana wa inchi 6. Usitegemee gazeti kwa hili. Fungua tairi moja, safisha ringi, soma mwenyewe, kwa sababu magari yaliyotumika huja na ringi za kila aina, na Haisi za zamani zaidi zina ringi nyembamba kuliko hizo.

Kila saizi ya tairi ina kiwango chake cha upana wa ringi. 195R15C inakubali ringi ya inchi 5 hadi 6.5. 215/70R15C inataka 5.5 hadi 7. 225/70R15C inataka 6 hadi 7.5. Kwa hiyo kwenye ringi ya inchi 6, hilo la 215 linakaa vizuri, la 225 linakaa kwenye kikomo cha chini cha kiwango chake, na kwenye ringi ya 5.5 hilo la 225 halina nafasi hata kama litaingia. Na kuingia litaingia: mdomo wa tairi, ile sehemu ngumu yenye waya inayoshika ringi, utabana vizuri na upepo utakaa. Tatizo linaonekana barabarani. Mbavu za tairi zimevutwa ndani, kifua chake kimevimba katikati, kashata za kati zinaisha mapema huku za pembeni zikibaki. Ukikata kona, gari linayumba juu ya mbavu hizo kabla ya kufuata usukani. Mpira unaojikunja hivyo mchana kutwa unazalisha joto, na joto ndilo linaloua tairi lenye mzigo.

Sasa njoo kwenye namba ambayo wanunuzi wengi hawaiangalii. Baada ya saizi, ubavuni mwa tairi, utaona kitu kama 106/104. Namba ya kwanza inaonyesha uzito ambao tairi moja linabeba likiwa peke yake. Ya pili ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma. 106 ni kilo 950. 98 ni kilo 750. Herufi C baada ya saizi inaonyesha tairi la gari la kazi, lenye mwili mgumu unaovumilia upepo mwingi. Tairi la gari dogo la saizi ya 215/70R15 linaweza kuwa na 98 tu, na dukani litaonekana pana na zuri kuliko la 195R15C lenye 106. Piga hesabu. Haisi iliyojaa abiria na mizigo hukaribia tani 3. Matairi manne ya 98 yanabeba kilo 3,000, yaani hakuna akiba yoyote, na uzito wenyewe haugawanyiki sawa, nyuma hulemewa zaidi. Manne ya 106 yanabeba kilo 3,800. Yule aliyenunua pana amepunguza uwezo wa gari lake akidhani ameuongeza. Ukitaka upana, tafuta 215/70R15C. Mengi yana 109, kilo 1,030, na kipenyo chake kinapungua takriban milimita 11 tu kutoka kwenye 195/80R15, kwa hiyo spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kuhangaisha.

Uzito huo unashikiliwa na upepo. Tairi la C lenye upepo wa gari dogo halibebi kile kilichoandikwa ubavuni mwake. Kibandiko cha mlangoni kwa dereva kimeandikwa kwa saizi ya kiwandani. Ukibadili saizi, mwambie muuzaji akupe jedwali la mtengenezaji wa tairi, na upime asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Wanaosema pana linashika zaidi wana sehemu ya ukweli kwenye lami kavu. Kwenye mvua, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, na linaelea mapema kuliko jembamba, hasa kashata zake zikiwa zimechoka. Kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini, jembamba huzama likafika pagumu. Faida ya kweli ya upana ipo kwenye mchanga, na wachache wetu tunapita mchangani kila siku.

Kabla ya kulipia manne, funga moja mbele na moja nyuma. Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Pakia watu garini, urudie. Angalia tairi la mbele dhidi ya madigadi na paipu la breki, la nyuma dhidi ya springi. Tairi la 225 linaongeza takriban milimita 15 kila upande, na gari likiruka tuta, nafasi iliyobaki inaisha. Likigusa, rudi kwenye saizi ndogo. Kusukuma magurudumu nje kwa spesa kunaongeza mzigo kwenye beringi na bolti, na kwa gari la abiria siungi mkono hata kidogo.

Wakati wa kufunga, fundi apake maji ya sabuni, si grisi. Mdomo ukikataa kukaa, asizidishe psi 40. Atoe upepo, apake tena, aanze upya, na mtu yeyote asiinamie tairi linalojazwa. Wapo wanaomwaga petroli na kuwasha moto ili tairi lishike. Chukua tairi lako uondoke.

Soma pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya ekseli moja yawe saizi moja na aina moja, na kama Haisi yako inavuta magurudumu yote manne, yote yawe sawa. Jaribu tairi jipya kwenye kishikio cha spea chini ya gari kabla hujaondoka, maana pana huenda lisipande. Kisha baada ya kilomita 50 hadi 100, simama ukaze nati upya.