SOMO LA MAKATIBU NA WANACHAMA: MIZANI ILIYO SAWA KATIKA NJIA ZA INTANETI



Somo letu lahusu jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa mijini tu: wajibu wa kampuni za simu kusafirisha mawasiliano yote ya intaneti kwa usawa. Kwa kweli jambo hili si geni kwa wanaushirika. Ni suala lile lile la mizani.

1. Tulikotoka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walianza kuunda vyama vyao kwa kuwa hawakuwa na imani na mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la VFCU, Paul Bomani akiwa miongoni mwa waasisi wake. Fundisho walilotuachia ni hili: anayeshika mizani ambayo watu wote hawana budi kuipitia, asiachiwe kuchagua nani apimiwe vema na nani apunjwe.

2. Jinsi intaneti inavyosafirisha

Barua, picha au hesabu inayotumwa kwa intaneti hugawanywa kuwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande hubeba anwani ya kinakotoka na kinakokwenda, kikapita katika minara na nyaya za mtoa huduma mpaka kifike.

Mtoa huduma ni kama mwenye lori liendalo Kahama kutoka Kakola. Ana haki ya kutoza kwa uzito wa mzigo. Atumiaye sana alipe zaidi. Lakini haifai achungulie magunia, ayawahishe ya rafiki yake na kuyaacha ya wengine njiani. Usawa tunaousema ndio huo: mtoa huduma asizuie, asicheleweshe, wala asipendelee mawasiliano kwa kutazama ni ya nani.

3. Mfano wa hapa nchini

Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya Facebook, ikishirikiana na Tigo, ilileta Tanzania huduma iliyoitwa Internet.org. Mteja aliweza kufungua Facebook na tovuti chache zilizoteuliwa bila kulipia. Tovuti nyingine zote aliendelea kuzilipia.

Wapo waliosema, na hoja yao ina uzito, kwamba asiye na kitu heri apate kidogo. Wengine waliuliza: nani ameteua tovuti hizo, na kwa faida ya nani? Nchini India huduma ya namna hiyo ilizua mjadala mkubwa, na tarehe 8 Februari 2016 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kutegemea kinachofunguliwa. Nchini Marekani kanuni za usawa ziliwekwa mwaka 2015, zikafutwa mwaka 2017, zikarejeshwa mwaka 2024, na mahakama ikazitangua Januari 2025. Haki hii, basi, huweza kutolewa na kunyang'anywa.

4. Hasara yake kwa chama

Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha msingi ambaye fedha zake zatosha kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee. Anahitaji kuingia katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Anahitaji pia kufuatilia minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kifurushi chake hakimfikishi huko. Vivyo hivyo mchimbaji mdogo wa Bulyanhulu atakaye kujua bei ya dhahabu duniani kabla ya kwenda kuuza. Ataona ujumbe wa dalali unaomtajia bei, lakini hataweza kuifungua bei yenyewe. Hapo mizani imerudi mikononi mwa mnunuzi.

Hasara ya pili ni ya vyama vyenyewe. Kampuni kubwa yaweza kulipia ili huduma yake ipite bure au upesi. Chama cha wakulima hakina fedha hizo. Kikianzisha tovuti ya kuuza mpunga wake, wateja wataikwepa kwa kuwa yawagharimu zaidi.

Hatukatai kwamba njia ikisongamana fundi hana budi kupanga foleni, wala kwamba wito wa dharura upewe nafasi ya kwanza. Tunachotaka ni foleni ifuate sababu ya kiufundi iliyo wazi, si mapatano ya biashara.

5. La kufanya

(a) Kabla ya kununua kifurushi, katibu asome masharti: chafungua intaneti yote au baadhi tu?
(b) Huduma moja ikisuasua wakati nyingine zikienda vizuri, aandike tarehe, saa na jina la huduma hiyo.
(c) Lalamiko lipelekwe kwanza kwa mtoa huduma. Lisipotatuliwa, lifikishwe TCRA.
(d) Lalamiko la vyama vingi kwa pamoja lina nguvu kuliko la mtu mmoja. Makatibu wapeleke kumbukumbu zao kwenye chama kikuu.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Kuna tofauti gani kati ya kutoza kwa uzito wa mzigo na kutoza kwa jina la mwenye mzigo?
2. Je, huduma ya bure yaweza kumgharimu mwanachama? Kwa namna gani?
3. Ni kazi zipi za chama chetu zitakazokwama iwapo tutabaki na kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee?

Wazee wetu hawakungoja mnunuzi airekebishe mizani kwa hiari yake. Nasi tusingoje.