Hamu Imepotea, Mkeka Haujaisha

Swali: Naishi Kaole, nasuka mikeka. Nilianza mkeka wa rangi kwa moyo mkunjufu. Sasa ukili umelala uvunguni tangu Ramadhani. Kila siku nasema kesho. Nitairudishaje hamu?

Jibu: Dada yangu, usiisubiri. Mara nyingi hamu huja mikono ikishaanza kazi. Kinachokutisha, nadhani, ni mkeka mzima. Basi suka pima moja tu kwa siku, uache. Loweka miyaa usiku kabla ya kulala. Asubuhi itakuwa laini, na ukiitelekeza na unyevu wake itaota ukungu, kwa hiyo itakubidi uishike. Hila hii ndogo naiamini kuliko mawaidha yote ya kujituma.

Tena suka barazani na wenzako, maana ukili wa uvunguni hauulizwi na mtu. Halafu upe mkeka tarehe. Iwe siku ya tamasha la sanaa la Bagamoyo, maana wageni hununua kazi za mikono pale. Ulizia mapema nafasi ya kuuzia, na umwambie jirani rangi utakazopeleka.