Saratani ya Matiti na Haki ya Mwanamke wa Rabai

Ndugu Waislamu, somo letu la leo ni juu ya maradhi ambayo wengi huona haya hata kuyataja.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba saratani ya matiti aghalabu huanza kwa uvimbe usiouma. Kwa kuwa hauumi, mwanamke huuacha. Mwaka 2020, kwa makadirio ya wataalamu, wanawake 6,799 walipatikana na maradhi haya nchini Kenya, na 3,107 wakafa. Shirika la Afya Duniani lataka jibu kamili lipatikane kabla ya kupita siku 60 tangu mgonjwa alipokwenda kujionyesha.

Haya tuwatazame wanawake wawili wa Rabai, uvimbe wao ni mmoja. Wa kwanza mumewe ana mshahara, na mchango wa bima hukatwa humo kila mwezi. Wa pili auza nazi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliposhika kazi hii, asiye na mshahara hukadiriwa mchango wa mwaka, nao haupungui shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Hizo azitoe wapi, na watoto hawajala?

Zamani aliyehitaji kutibiwa kwa mionzi katika hospitali ya serikali hakuwa na budi kwenda Kenyatta, Nairobi. Leo mashine iko Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani, na hiyo ni neema. Lakini mionzi haitolewi mara moja ikaisha. Hutolewa karibu kila siku kwa majuma kadhaa. Kutoka Rabai hadi Mazeras, na Mazeras hadi Mombasa, kwenda na kurudi: nauli hiyo yaweza kumshinda mtu ambaye dawa hazikumshinda.

Na wako waume (tusifichane) wazuiao ruhusa kwa hoja ya sitara, hali wanavyuoni wamekwisha kubainisha kwamba akikosekana tabibu wa kike, wa kiume atamtazama mgonjwa kwa kadiri ya dharura. Wengine hutangulia kwa mganga wa hirizi, na siku 60 zikaishia huko.

Zaka zetu tumezoea kuzigawa mlangoni, hamsini huyu, mia yule. Je, ikiwa mtaa mmoja utakusanya fungu la maskini na kuwapa wanawake kama huyu muuza nazi 3,600 zao za mwaka, pamoja na nauli? Mchango huo hauwi wa mtu mmoja. Mume na watoto nao hutibiwa kwao.