Lugha ya Mgonjwa Mzee

Mwezi huu tujifunze jambo linalotupasa sote tunaowatembelea wazee walio wagonjwa.

Huku Maruku, na pande zote za Bukoba na Muleba, wako wazee wasiojua lugha ila Kihaya. Wauguzi nao hutoka mbali, Usukuma, Upare na kwingineko, na lugha ya kazi yao ni Kiswahili. Wote wana nia njema, lakini nia njema peke yake haitoshi.

Angalieni neno moja. Kwa Kihaya, enda ni tumbo. Kwa Kiswahili, enda ni kwenda. Bibi akisema, "Enda, enda," muuguzi mgeni aweza kudhani anafukuzwa, kumbe ameambiwa maumivu yalipo.

Tena, mzee aliyejua Kiswahili aweza kukipoteza. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huondoa kwanza lugha iliyojifunzwa baadaye, na lugha ya mama hubaki. Basi asipojibu, tusiseme ana kiburi.

Yatupasa nini?

Kwanza, mkalimani aeleze yote, wala asijibu mahali pa mgonjwa. Sisi wenyewe tumepata kukosa hapa. Mzee alisema maneno mengi, nasi tukamwambia muuguzi, "Asema hajambo." Siku ya pili tukajua ya kuwa alisema hapati mkojo. Tuliona haya kubwa.

Pili, mjukuu asiitwe kufasiri mambo ya siri ya mwili, maana mzee atanyamaza.

Tatu, tumfundishe muuguzi maneno machache: amaizi ni maji, omutwe ni kichwa, waitu ni neno la heshima. Yaandikwe karatasini, yawekwe karibu na kitanda.

Nne, muuguzi ayarudie aliyoyasikia, na mgonjwa aonyeshe kwa mkono mahali panapouma.

Siku ya Pentekoste watu hawakulazimishwa kujifunza lugha ya Mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Nasi tusingoje mzee wa miaka themanini aifuate lugha yetu. Sisi wenye nguvu ndio tumwendee.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Katika mtaa wenu, ni wazee gani wasiojua Kiswahili, na nani atafuatana nao hospitalini?
2. Kwa nini mkalimani asifupishe maneno ya mgonjwa?